MALEZI YA MIAKA YA KWANZA: MTOTO WA UGOGO NA MTOTO WA PWANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mtu dhaifu, akampitisha katika udogo kabla ya kumfikisha kwenye nguvu zake. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyezaliwa yatima akalelewa kwa mikono ya watu, kisha akawa rehema kwa viumbe vyote. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya: somo hili lakusudia kueleza jambo moja, nalo ni kwamba yale yampatayo mtoto katika miaka yake ya mwanzo, ya chakula na ya maneno, ya huruma na ya khofu, hayapiti yakapotea, bali hukaa ndani yake yakawa msingi wa mwili wake, wa akili yake na wa tabia zake atakapokuwa mtu mzima. Mfano uliochaguliwa ni wa Ugogo, yaani Dodoma na nyanda za katikati ya Tanzania, kwa kuwa watu wa pwani wana khabari nyingi juu ya nchi hiyo na watu wake, na nyingi katika khabari hizo husemwa bila ya kupimwa.

FUNGU LA KWANZA
Kosa la kuhukumu watu kwa asili

Ujirani wa pwani na Ugogo si wa jana. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, ikalipa hongo kwa watemi ili ipewe njia na maji. Mwaka 1910 reli ikafika Dodoma. Mwaka 1973 likakatwa shauri kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa wingi, wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam na wa miji mingine ya pwani wamehamia pamoja nayo. Na watoto wa Ugogo nao hushuka pwani. Wengine huonekana barabarani pamoja na mama zao wakiomba, na mabinti wengi huingia katika majumba ya watu kupika, kufua na kulea watoto.

Basi mtu wa pwani amwonapo mwombaji yule husema: hiyo ndiyo asili yao. Na amwonapo binti wa kazi ameduwaa, haelewi upesi lile aliloagizwa, husema: huyu ni mzito wa akili, ndivyo walivyo watu wa bara. Maneno haya yana makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la dini. Bwana Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, yaani umbile lililo safi, kisha wale wamleao ndio wamgeuzao. Hakumbagua mtoto wa pwani na mtoto wa bara, wala wa Mwarabu na wa Mgogo. Anayesema kuwa uzito wa akili au unyonge ni damu ya kabila fulani amelikanusha fundisho hili, ajapokuwa hakukusudia.

Kosa la pili ni la elimu. Wataalamu wa afya na wa malezi wamechunguza kwa miaka mingi jinsi mtoto akuavyo, na waliyoyaona yaonyesha kuwa mengi yanayodhaniwa kuwa ni asili ya mtu ni athari ya yale yaliyompata kabla hajajua hata kuyasema.

FUNGU LA PILI
Khabari ya njaa, na jinsi mwili unavyojengwa

Ugogo ni nchi ya ukame. Mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Desemba mpaka Aprili, na kipimo chake kwa mwaka ni kiasi cha milimita 500 mpaka 600. Nazo huweza kukatika katikati ya msimu, mtama na uwele ukakauka ungali haujazaa. Kwa hivyo wazee wa nchi ile huhisabu miaka kwa njaa, na njaa kubwa zina majina yake. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 mpaka 1920. Katika Vita Vikuu vya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za wenyeji, na wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi; kisha mvua nazo zikakosa. Hukadiriwa kuwa walikufa watu 30,000 katika watu 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Wako wazazi waliowatoa watoto wao kwa watu wenye chakula ili wapate kuishi.

Ada ya wanaohisabu njaa ni kuwahisabu waliokufa. Lakini yafaa kuuliza pia khabari za waliobaki: yule aliyekuwa tumboni mwa mama mwenye njaa, na yule aliyenyonya ziwa lililokauka, walikua vipi? Jawabu limeonekana wazi katika nchi nyingine iliyopatwa na msiba kama huo, ikawa na madaftari ya wazazi na watoto waliozaliwa. Uholanzi ilishikwa na njaa kali katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, Wajerumani walipozuia chakula. Watu waliokuwa matumboni wakati ule walifuatwa mpaka wakafika umri wa miaka hamsini na zaidi, wakaonekana kuwa na maradhi ya moyo na mwili kushindwa kuitawala sukari zaidi ya wenzao. Njaa ilidumu miezi michache, na athari yake ikadumu umri mzima.

Wala mtu asidhani kuwa mambo haya ni ya zamani tu. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania nzima mwaka 2010, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 42 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Na katika Dodoma walikuwa 56. Mpaka mwaka 2022 hisabu ya nchi nzima ilikuwa imeshuka ikafika 30 katika kila 100, nayo ni neema ya kushukuriwa, lakini bado ni watoto wengi mno. Na waliokuwa na miaka miwili au mitatu mwaka 2010, ndio vijana na mabinti wa makamo ya kutafuta kazi leo.

Udumavu si ufupi peke yake. Ubongo wa mtoto hukua kwa haraka kubwa tangu tumboni, na afikapo miaka miwili umekwisha fikia kiasi cha robo tatu au zaidi ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ukinyimwa chakula katika muda ule, hujengwa kwa vifaa pungufu, na mtoto huchelewa kusema, huchelewa kuanza shule, na hushika masomo kwa taabu. Kwa sababu hii wataalamu wamezitenga siku 1,000, tangu mimba mpaka kutimia miaka miwili, wakaziita siku zilizo muhimu kupita zote. Naye Muislamu akumbuke kuwa Qurani imekwisha kuutaja muda wa kunyonyesha kuwa ni miaka miwili kamili kwa atakaye kuutimiza, na katika aya hiyo hiyo imemtwika baba chakula na nguo za mama anyonyeshaye. Kwa hivyo chakula cha mke mwenye mimba au mwenye mtoto mchanga si hisani ya mume, ni haki iliyowajibishwa. Na apunguzaye katika haki ile kwa ajili ya starehe zake, hupunguza katika akili ya mwanawe.

FUNGU LA TATU
Maneno na huruma

Mtoto hajengwi kwa chakula tu. Mtoto mchanga hutoa sauti, akamtazama aliye karibu naye. Akijibiwa kwa sauti na kwa uso, hujifunza kuwa maneno yana faida na kuwa watu ni wa kutumainiwa. Asipojibiwa, siku baada ya siku, hunyamaza. Wengi husema: mtoto huyu ana adabu, halii. Na huenda hiyo si adabu, bali ni kukata tamaa.

Jambo hili lilipimwa Bucharest, mji mkuu wa Romania, tangu mwaka 2000. Walichukuliwa watoto wachanga 136 waliokuwa katika nyumba za malezi, ambamo walilishwa na kuvishwa, lakini walezi walikuwa wachache, hapana aliyekuwa wa mtoto huyu hasa. Kwa kura, nusu yao wakapelekwa kulelewa katika majumba ya watu. Waliobaki walizidi kuwa nyuma katika akili na katika kufungamana na watu. Waliopata nyumba walipata nafuu, na waliofaidika zaidi ni wale waliotolewa kabla ya kutimia miaka miwili.

Bwana Mtume aliyafundisha haya kwa vitendo. Al-Aqra bin Habis alipomwona akimbusu mjukuu wake, akasema kuwa yeye ana watoto kumi wala hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamjibu kuwa asiyehurumia hatahurumiwa. Na imethubutu kuwa alisali akimbeba Umama, binti wa binti yake. Basi yule baba wa pwani aonaye haya kumpakata mwanawe barazani mbele ya wenziwe, na atazame ni mwendo wa nani anaoufuata, wa Mtume au wa Al-Aqra.

FUNGU LA NNE
Fimbo na khofu

Watu wengi hudhani kuwa malezi huanza siku mtoto apelekwapo chuoni, akakabidhiwa kwa mwalimu pamoja na bakora. Kabla ya hapo huhisabiwa kuwa ni mdogo, hajui kitu, ni wa mama yake. Kisha hutajwa methali isemayo kuwa mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na husemwa kuwa Mtume ameamrisha mtoto apigwe.

Hadithi hiyo na isomwe yote. Imeamrishwa kuwa mtoto aamrishwe sala akiwa na miaka saba, na apigwe kwa kuiacha akiwa na miaka kumi. Kabla ya saba hakuna hata amri ya sala, kuna kuonyeshwa tu. Baina ya saba na kumi ni miaka mitatu ya maneno bila ya pigo. Na baada ya kumi, wanavyuoni wameshurutisha pigo lisiloumiza wala kuacha alama, na uso usiguswe. Ikiwa sala, iliyo nguzo ya dini, haipigiwi mtoto kabla ya miaka kumi, ni hoja gani aliyonayo mtu ampigaye mtoto wa miaka mitatu kwa kuvunja kikombe? Na Bibi Aisha amesimulia kuwa Bwana Mtume hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi.

Hali ilivyo nchini ni nyingine. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipata kupigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kutimia miaka 18. Katika uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2014, wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania waliulizwa, na kiasi cha 95 katika kila 100 walipata kupigwa nyumbani, na kiasi hicho hicho na walimu. Na waliopigwa zaidi nyumbani walionekana kuwa na ukali zaidi kwa wenzao na wema mchache zaidi. Yamkini atasema mtu kuwa walipigwa kwa kuwa walikuwa wakali. Hata ikiwa hivyo, fimbo haikuuondoa ukali wao.

Sababu yake ni hii. Mtoto aliye katika khofu ya kila siku, mwili wake hukaa tayari kukimbia au kupigana. Moyo humwenda mbio, masikio husikiliza hatua za mkubwa, na akili haina nafasi ya kujifunza. Hali hiyo ikidumu huwa mazoea. Akikua, hushtuka kwa neno dogo, au huduwaa asijibu, au huwa wa kwanza kupiga. Wazee wamesema: udongo uwahi ungali maji. Ni kweli, lakini mfinyanzi huuwahi udongo wake kwa vidole, hauwahi kwa rungu.

FUNGU LA TANO
Yatima na mtumishi

Sasa na arejewe yule binti wa Ugogo. Huenda alizaliwa katika mwaka wa ukame, akaachishwa ziwa kwa uji mwepesi wa uwele usio na maziwa. Huenda alifiwa na mama. Na kufiwa na mama si huzuni ya siku chache: katika mkoa wa Kagera watoto walioandikwa baina ya miaka ya 1991 na 1994 walitafutwa tena mwaka 2004, wakaonekana kuwa waliofiwa na mama kabla ya miaka 15 wamekosa, kwa wastani, kiasi cha sentimita 2 za kimo chao na mwaka mmoja wa masomo, na upungufu huo haukuja kulipwa. Kisha, angali mdogo, hupandishwa basi akapelekwa katika nyumba asiyomjua mtu. Akiduwaa, je, ni ajabu?

Na msichana huyo ndiye akabidhiwaye mtoto mchanga wa mwenye nyumba, tangu alfajiri mpaka magharibi, baba na mama wakiwa kazini. Hapa ndipo mtoto wa Ugogo na mtoto wa pwani wanapokutana katika chumba kimoja, na mmoja humjenga mwenziwe. Mtu amtukanaye yaya asubuhi, akamnyima chakula cha mchana, kisha akamwachia mwanawe wa miezi minane, hukiweka kilicho azizi kwake katika mikono aliyoijaza uchungu mwenyewe. Ule ukimya na ule ukali atakaouona kwa mwanawe baada ya miaka kumi, asiutafute katika damu ya ukoo wake.

Dini haikukataza kumweka mlezi wa kulipwa. Bwana Mtume mwenyewe alinyonyeshwa na Halima wa Bani Saad, na mama yake Amina alipofariki, naye ana umri wa kiasi cha miaka sita, aliyemrejesha Makka ni mtumishi wa nyumba yao, Umm Ayman, mwanamke wa asili ya Habasha. Imepokewa kuwa alikuwa akimwita mama yake baada ya mama yake. Tena Anas bin Malik aliingia katika utumishi wa Mtume akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, akakaa naye miaka kiasi cha kumi, akasimulia kuwa hakuambiwa hata mara moja neno la kuudhika, wala hakuulizwa kwa nini umefanya hili au hukufanya lile. Anas huyo akawa miongoni mwa masahaba waliopokea hadithi nyingi kabisa. Mtumishi mdogo aliyelelewa kwa utulivu akawa mwanachuoni wa umma.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, nayo iwe kazi nyepesi isiyomdhuru mtoto wala kumzuilia masomo. Aliye chini ya hapo ni mtoto wa kulelewa, si wa kulea.

FUNGU LA SITA
Lawama ni ya nani, na mlango wa kurejea

Yamkini mtu ataona kuwa somo hili lawapa watu udhuru: kila mwovu atasema, nimelelewa vibaya. Si hivyo. Mtu akibalighi, naye ana akili zake, huandikiwa amali zake mwenyewe, na mlango wa toba uko wazi kwake. Lakini hisabu ya aliyetenda haiifuti hisabu ya aliyepanda. Bwana Mtume amesema kuwa kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Na mwanamume ametajwa kuwa ni mchunga wa watu wa nyumbani kwake. Hakusema wa wanawe tu. Aliye ndani ya nyumba, akila chakula cha nyumba ile na kulala chini ya paa lake, ameingia.

Wala asikate tamaa mtu aliyekwisha kukosea. Watoto wa Bucharest waliotolewa mapema walipona kwa sehemu kubwa, na hata waliochelewa walipata faida. Mtoto mmoja aliye katika dhiki akipata mtu mzima mmoja tu aliye imara kwake, asiyemtisha wala kumwacha, mengi hutengenea. Mtu huyo aweza kuwa baba, au babu, au mwalimu wa chuo, au bibi wa nyumba kwa binti wa kazi.

KHITIMU
Yapasayo kufanywa

La kwanza: mume aanze kulea tangu mimba, kwa kumlisha mkewe vizuri na kumwepusha na khofu na kazi nzito.

La pili: kila siku baba awe na saa yake na mtoto wake mdogo, amsemeze na kumjibu; na aliyehamia Dodoma kwa kazi akaiacha nyumba yake pwani, asidhani kuwa fedha za mwisho wa mwezi hushika mahali pake.

La tatu: fimbo iondolewe kabisa kwa mtoto mdogo, na nyumbani hata chuoni mwalimu aulizwe mwendo wake kabla ya kukabidhiwa mtoto.

La nne: asiajiriwe mtoto, na aliyetimiza umri, apewe ujira wake kwa wakati, chakula kile kile cha nyumba, nafasi ya kusoma, na maneno mazuri, kwani atakalopewa ndilo atakalompa mtoto.

La tano: ulimi uzuiliwe na kusema, ndivyo walivyo watu wa kabila fulani. Na aulize mtu kwanza: walipokuwa wadogo, walipewa nini?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wa Waislamu na watoto wa watu wote kuwa kitulizo cha macho, awape wazazi huruma kabla ya ukali, awarehemu mayatima wa bara na wa pwani, na ainyeshee nchi ya Ugogo mvua ya kheri. Amin.

Wa billahi 't-tawfiq.